Nawa na Macho

Naikumbuka asubuhi moja ya mwezi wa nne, mwanangu, na kila nikiikumbuka huona aibu kidogo, ingawa kichwa changu kimeshajaa mvi na aibu nyingine nyingi nimezisahau. Juzi ulipokaa nami hapa barazani kwangu, mtaani Ng'ambo, ulisema siku zako zote zinafanana, huamki kwa hamu wala hulali kwa shukrani, na kwamba labda furaha waliumbiwa watu wengine. Sikukujibu palepale. Mzee akijibu upesi, ujue hakusikiliza. Leo nakujibu.

Enzi hizo nilikuwa mke kijana katika kijiji kimoja upande wa Urambo, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka stesheni. Tulilima tumbaku kama majirani zetu wote. Tumbaku, kama hukuwahi kuiona, huvunwa, hukaushwa kwa moto ndani ya bani, ile nyumba ya matofali isiyo na dirisha, kisha huja kazi ya kuchambua. Unaketi mlangoni penye mwanga, unashika jani moja moja, unalinyoosha, unalitafuta kasoro. Lina doa? Limetoboka? Limeungua ukingoni? Limebaki na ubichi? Kila kasoro ina fungu lake. Kutwa nzima jicho linatafuta ubaya, na likiukosa ndipo unaliweka jani kwenye daraja la kwanza.

Nami nilikuwa stadi wa kazi hiyo. Sijisifu, au basi, najisifu kidogo, umri huu unaniruhusu. Watu wa vijiji vya jirani waliniita nikawachambulie, na Mama Kalunde, mama mkwe wangu, aliyenifundisha mwenyewe, alikiri mbele za watu kwamba nimempita. Doa dogo kuliko punje ya ulezi halikunipita.

Kosa langu ni kwamba nikiinuka mlangoni pa bani, niliinuka na jicho lilelile. Mume wangu, Maganga, alikuwa na mazoea ya kupiga mluzi akipasua kuni, mluzi usiofika kwenye wimbo wowote, nami nilimwambia kila siku kwamba anaupotosha. Jirani akinunua kanga mpya, naona pindo lilivyokwenda upande. Kanisani kwaya nzima inaimba, mimi namsikia yule mmoja anayechelewa. Kisimani wanawake walianza kunyamaza nikifika, nikadhani ni heshima. Nyani haoni kundule, mwanangu, hasa akiwa hodari wa kuona ya wenzake.

Furaha sikuwa nayo. Ungeniuliza kwa nini, ningekuhesabia sababu hadi jua lizame, na kila sababu ingekuwa ya kweli.

Basi asubuhi hiyo nilikuwa kazini, na binti yangu Nyamizi, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa anacheza nyuma ya bani. Alikuwa mtoto wa kuonyesha vitu. Akiokota jiwe, utaliona. Akimwona kinyonga, utakokotwa ukamwone. Siku hiyo alikuwa ameokota mabaki ya majani yaliyoanguka chini, akayapanga kwa rangi jinsi alivyoniona nikifanya, ya manjano juu, ya kahawia chini, akayafunga shinani kwa jani moja kama mkanda. Akaja nacho kile kicha kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyompelekea mgeni maji.

"Mama, tazama."

Nikakipokea. Nikakiinua kwenye mwanga. Mkono ukaanza wenyewe. "Hili lina doa," nikasema, nikaliweka chini. "Hili limetoboka. Hili bichi. Hili nalo limeungua, unaona?" Nikaendelea hadi mkononi mwangu ukabaki mkanda peke yake. Wala sikuwa nimekasirika. Nilidhani namfundisha kazi.

"Ndiyo, mama," akasema. Akainama, akayaokota majani yake moja moja, akaenda nayo.

Tangu siku hiyo Nyamizi hakunionyesha kitu. Na unajua nini, mwanangu? Sikugundua. Niliona tu kwamba nafanya kazi kwa utulivu zaidi, nikashukuru kwamba mtoto ameanza kupata adabu.

Wiki mbili au tatu zikapita. Jioni moja nikamwona Nyamizi akicheka na bibi yake jikoni, na mdomoni, mbele, pana pengo. Mtoto ameng'oka jino la kwanza. Nikauliza liko wapi, tulitupe juu ya paa lije jingine, maana ndivyo tunavyofanya, na mama ndiye anayesimama na mtoto siku hiyo. Mama Kalunde akaniambia lilikwisha kutupwa tangu mchana. Mchana nilikuwa mlangoni pa bani, hatua ishirini kutoka hapo.

Nikamgeukia mtoto. "Mbona hukuniletea nilione?"

Akaziba mdomo kwa kiganja. Akasema kwa sauti ndogo, "Lilikuwa limetoboka, mama."

Nimezika wazazi wangu wote wawili, na nimemzika mume. Lakini neno lililonichoma kuliko yote niliyowahi kuambiwa ni hilo, na lilitoka kwa mtoto ambaye hakukusudia kunichoma. Alikuwa ameshalichambua jino lake mwenyewe, akaliona si la daraja la kwanza, akaona asinisumbue.

Nilitoka nje nikanawe. Tumbaku ni chungu. Ukishinda nayo mikono inakuwa ya kahawia, na ukigusa chakula kabla ya kunawa, sufuria nzima imeharibika. Kwa hiyo kwetu hakuna mchambuzi anayegusa ugali wala mtoto kabla hajasugua mikono kwa majivu na limau. Mama Kalunde akanifuata na kata ya maji, akanimiminia kama alivyonimiminia kila jioni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alinitazama nikisugua hadi kwenye kucha.

"Mkamwana," akasema, "mikono unanawa vizuri sana kabla ya kumshika mtoto. Macho je?"

Nikaendelea kusugua.

"Macho nayo yameshinda kwenye tumbaku. Unaingia nayo ndani hivyohivyo, na kila unachokigusa nayo kinakuwa kichungu. Leo sikupi kitambaa mpaka uniambie kitu kimoja ulichokiona tangu asubuhi ukakipenda. Kimoja tu."

Nilifikiri ni jambo jepesi. Nikasimama pale, mikono inadondosha maji, nikaipekua siku yangu nzima. Hamna. Mwishowe nikasema, "Mvua haikuharibu kuni."

"Hiyo ni hasara iliyokukosa. Mimi nataka kitu ulichokipenda."

Nikasimama. Maji yakanikaukia mikononi, akanimiminia mengine. Sasa nilikuwa nalia, na nakuambia bila kuficha, nililia kwa hofu. Niliona kwamba nimeishi siku nzima, pengine mwaka mzima, na sina cha kuonyesha. Ndipo nikakumbuka kwamba alfajiri nilipofungua mlango wa bani, joto lilitoka likanigusa usoni, na nje kulikuwa na baridi, nami kwa muda wa pumzi moja nilifumba macho nikasikia raha. Nikamwambia hivyo, kwa haya, kama mtu anayekiri wizi.

Mama Kalunde akanipa kitambaa. "Haya," akasema. "Umeanza."

Kisha akaniambia jambo la babu yake, aliyekuwa mpagazi, mmoja wa wale waliotoka huku Unyamwezi na mizigo mabegani hadi pwani kwa miguu. Babu huyo alisema mtu aliyeihesabu njia kwa siku zilizobaki alichoka mapema, akatupa mzigo porini. Waliofika ni wale walioihesabu kwa maji: leo tutakunywa kwenye kisima kile chenye mkuyu, kesho kwenye kijito cha mawe. Njia ilikuwa ileile na mzigo uleule.

Basi kila jioni nikawa nanawa na macho. Siku za kwanza ilikuwa kama kukamua jiwe. Kuku mwenye vifaranga aliyepita katikati ya mafungu yangu bila kukanyaga jani. Harufu ya karanga alizotuletea shemeji yangu kutoka Lusu. Honi ya treni iliyotufikia hadi shambani siku ya upepo. Vitu visivyo na thamani sokoni, mwanangu, lakini haba na haba hujaza kibaba. Katika mwezi wa pili wa kunawa hivyo nikaanza kuviona mchana vinapotokea, bila kungoja jioni nivitafute.

Siku moja nikamsikia Maganga anapiga mluzi wake. Nikagundua jambo ambalo mke aliyeishi na mumewe miaka minane angepaswa kulijua zamani: mtu yule alipiga mluzi akiwa na furaha tu. Akiwa na mashaka alinyamaza. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nasahihisha furaha yake. Nikatoka nikakaa karibu naye juu ya gogo. Akanitazama kwa wasiwasi, akanyamaza, akingoja kasoro. "Endelea," nikamwambia. Ilimchukua muda kuniamini.

Lakini Nyamizi alikuwa bado hajarudi kunionyesha vitu vyake. Nilipokosa subira nikambembeleza: nionyeshe ulichocheza leo, nionyeshe ulichochora mchangani. Akawa ananionyesha kwa utii, macho chini. Mama Kalunde akanivuta pembeni. "Wewe ni mchambuzi," akasema. "Tumbaku iliyotoka kukauka unaishika?"

Nilijua jibu. Ukilishika jani likiwa limetoka kwenye moto, linavunjika vipande mkononi. Unafungua mlango wa bani, unaondoka. Umande unaingia wenyewe, na asubuhi jani limelainika.

"Basi fungua mlango, uondoke," akasema.

Nikaacha kumwomba. Nikawa nanawa pale uani karibu na jiko, nikisema kile kitu changu kimoja kwa sauti ya kawaida, yeye akiwa ndani anapepeta mtama na bibi yake. Sikumwangalia kama anasikiliza. Nilisema kuhusu wingu, kuhusu ladha ya mlenda, kuhusu babake. Nikasema pia, jioni moja, kwamba kuna kicha cha majani niliwahi kuletewa, cha manjano juu na kahawia chini, na kwamba kilikuwa kizuri nami sikukiona. Kule ndani ungo ulinyamaza kidogo, kisha ukaendelea.

Siku kadhaa baadaye, nikiwa na majivu hadi kwenye viwiko, akaja amekunja ngumi. Akasimama mbele yangu. Hakusema "tazama." Alifungua tu vidole juu ya kiganja changu kilicholowa, na kitu kidogo kikaanguka. Jino la pili.

Mwanangu, nitakuambia ukweli wote. Mkono wangu ulianza kuinuka. Ulitaka kulipeleka kwenye mwanga. Ulikuwa umefika usawa wa kifua nikauona, nikausimamisha, nikaushusha. Mtoto alikuwa ameuona pia. Alikuwa ameacha kupumua. Nikalitazama jino lile palepale lilipokuwa.

"Jeupe," nikasema. "Na jinsi lilivyo dogo."

Akapumua. Halafu maneno yakamtoka yote kwa mpigo, jinsi lilivyolegea tangu Jumapili, jinsi lilivyong'oka akiguguna muhindi, jinsi damu ilivyokuwa na ladha ya sarafu. Tukalitupa juu ya paa pamoja, nami sikunawa majivu hadi amemaliza hadithi yake.

Sasa sikia nasaha yangu. Sikuambii uivike dunia kilemba cha ukoka. Doa ni doa, na mimi niliendelea kuchambua tumbaku miaka ishirini mingine bila kupunguza ukali, kwa sababu jicho lile lilitulisha. Lakini jicho la kazi ni chombo, na chombo huwekwa chini kazi ikiisha. Wewe unashinda kwenye simu unachambua maisha ya wenzako na ya kwako, hili limeungua, hili bichi, kisha unakaa mezani na macho hayohayo na kushangaa kwamba chakula kichungu. Furaha haijakukimbia. Imekuja kwako mara nyingi na kicha kwa mikono miwili, ukakichambua hadi ukabaki na mkanda.

Kila jioni, kabla hujagusa chakula, tafuta kitu kimoja. Kiwe kitu, kisiwe hasara iliyokukosa. Kitaje kwa sauti, hata kama hakuna anayekusikia. Mwaka aliofariki Maganga nilisimama kwenye beseni jioni nyingi bila neno, na sikujilazimisha. Nilinawa mikono nikaingia ndani. Kisha jioni moja nikasikia mtoto wa jirani anapiga mluzi vibaya kabisa, nikacheka peke yangu hadi nikalazimika kukaa chini. Ile furaha unayoniulizia ni kama taa ya ndani, haiji kwa kishindo. Ukiiwekea tone la mafuta kila siku, utaikuta inawaka siku ambayo huna nguvu ya kuiwasha.

Macho yangu siku hizi yana ukungu. Doa la ukubwa wa shilingi lingenipita leo. Lakini Nyamizi, ambaye sasa ana wajukuu wake, hunipigia simu kila jioni kutoka Urambo, na kabla ya shikamoo huuliza, "Mama, umenawa?" Nami humwambia kitu changu cha siku hiyo, naye chake. Jana nilimwambia kuhusu wewe, ulivyokaa hapa barazani ukaninong'oneza huzuni yako, na jinsi nilivyopenda kwamba uliona naweza kuipokea.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie kazi ya kukuchafua mikono, na maji ya kunawa jioni, na asikunyime mtu wa kukumiminia.