Blauzi Niliyoifua

Mwanangu, iko asubuhi moja ambayo kila nikiikumbuka nasikia harufu ya sabuni mikononi.

Mjukuu wangu Koku, aliyeolewa Nkwenda, alishuka kwenye bodaboda hapa kwangu Chonyonyo mdomo umepasuka, blauzi imelowa damu kifuani. Sikumuuliza kitu. Nilimvua ile blauzi, nikaifua kwa maji baridi mpaka ikatakata, nikaianika nyuma ya jiko, majirani wasikoona. Ndivyo mama mkwe alivyonifanyia mimi nilipokuwa mke mpya na mume wangu akaniumiza. Alifua gauni langu, akasema, "Haya, hakuna kilichotokea." Nikazeeka nikidhani ile ni akili.

Koku akataka kwenda polisi, kwenye dawati la jinsia. Nikafuatana naye, lakini nilikwenda ili asiseme mengi. Askari siwaamini tangu zamani, na sifichi.

Tuliingizwa chumba cha nyuma chenye pazia. Askari mwenyewe binti tu, hana sare, kavaa gauni kama anakwenda kanisani. Nikajiambia, huyu huenda ni ndugu wa yule mume.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Muleba."

"Na umeolewa wapi?"

Akacheka. "Bibi, leo mwenye kuuliza ni mimi."

Aliponiuliza imekuwaje, nikamwambia Koku kateleza shambani na mkungu wa ndizi kichwani. Akaandika bila kunibishia, nami nikazidi kumshuku. Mtu ukimdanganya akaitikia tu, ana jambo. Kisha akaniomba nikae nje, azungumze na Koku peke yake. Nikatoka, nikaketi chini ya dirisha. Sioni aibu kukuambia.

"Umewahi kumwambia mtu wa nyumbani?" askari aliuliza.

"Bibi," Koku akasema. "Mara mbili. Zote mbili alinirudisha kwa mume wangu yeye mwenyewe. Akanibebea na mkoba."

Nikainuka pale chini ya dirisha. Halafu nikaingia bila hodi.

"Afande, futa ule mkungu. Nilidanganya."

"Hatufuti, bibi. Tunaandika maelezo mengine chini yake." Akageuza ukurasa. "Nguo aliyokuja nayo iko wapi?"

"Nimeifua."

"Ikatoka damu yote?"

"Mimi nikifua, nguo inatakata."

Akaweka kalamu chini. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akampa Koku PF3, ile karatasi ya kwenda nayo hospitali, akasema daktari aangalie kila jeraha, maana ushahidi wa nguo tumeshaupoteza.

Jumamosi wakaja baba wadogo wa yule mume na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, kuomba radhi na kumchukua mke wao. Zamani ningetoa vikombe.

"Mama, haya ni mambo ya ndani," mkubwa wao akasema.

"Ya ndani yalishatoka kwa bodaboda," nikamwambia. "Nkwenda yote imeyaona."

Wakaondoka na dumu lao. Koku yuko hapa, anapalilia kahawa nami. Kesi haijaisha. Kila siku ya soko napita kituoni kuuliza jalada limefika wapi, maana hata jalada siliamini mpaka nilione.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipigwa usifue nguo, wala usikubali mtu akufulie, hata awe mimi. Ifunge kama ilivyo, uende nayo. Kama damu inavuja, anza hospitali. Kituoni sema kwa mdomo wako mwenyewe, bibi yako akae nje, mbali na dirisha. Uliza jina la askari anayekuandika, na urudi kumuuliza tena. Na atakayekuambia unyamaze, huyo mshuku kuliko askari yeyote, hasa akikuambia huku anakupangusa machozi.

Mungu akupe nyumba ambayo nguo zako zote utazianika mbele ya mlango, kila mpita njia azione.