Anayeonja Majina

Fundi anayetusajilia majina ya tovuti huandika kwa vidole viwili tu, na kila jina hulitamka kwanza polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Huwa najiuliza anatafuta ladha gani. Jana mbele yangu kwenye foleni alikuwepo bwana mmoja mwenye haraka. "Jina la yule mama mwoka mikate linaisha muda wake leo. Asipolilipia, nipe mimi." Fundi akalitamka, akatabasamu, akavuta simu. "Shikamoo mama. Lipia jina lako sasa hivi, kuna mtu amelitolea macho." Malipo yalipoingia akabonyeza kitufe, kisha akamgeukia yule bwana kwa upole. "Haya kaka, wewe ulikuwa unataka jina gani?"