Chupa Yetu Ilikuwa Kavu

Niliporudi kutoka kwenye semina ya takwimu mjini Sumbawanga, wenzangu katika ofisi ya walimu waliniuliza swali moja tu: chakula kilikuwaje? Nikawaambia wali ulikuwa wa baridi. Wakanipa pole, na habari za semina zikaishia hapo.

Mimi lakini nilikuwa nimerudi na mwasho. Kila tulipotoa hoja kule semina, mwezeshaji alituuliza tumejuaje. Nafundisha hisabati, kwa hiyo nimezoea kuwauliza wanafunzi wamepataje jibu. Sikuwa nimewahi kujiuliza mimi nimejuaje mambo tunayoyasema ofisini kila siku: kwamba kidato cha pili cha mwaka huu ni wavivu, kwamba Jumatatu watoto husinzia kuliko siku nyingine, kwamba watoto wa wafugaji ni watoro.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na moto. Shule yetu ni ya kata, nje ya mji, na wanafunzi wengi ni wa familia za wakulima wa mahindi na ulezi, Wakatoliki tangu enzi za babu zao. Wachache wanatoka kwa wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa na kujenga ng'ambo ya mto. Katika kidato cha pili alikuwapo mmoja tu wa huko, msichana mrefu, mkimya, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Tangu mvua zianze alikuwa akikosa shule mara kwa mara. Mwalimu wa nidhamu alikuwa ameshampa onyo, na mkuu wa shule alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa muhula watoro sugu wataondolewa. Baba yake naye alishasema kwamba shule ikimfukuza, hatamtafutia nyingine.

Msichana alipoulizwa sababu, alijibu neno moja: maji.

"Maji gani?" mwalimu wa nidhamu akamuuliza mbele yangu. "Jana hapa hakukunyesha hata tone."

Akamrudisha darasani bila kungoja jibu. Nisieleweke vibaya, yule mwalimu si mtu mkatili. Ni mtu mzima, Mfipa wa hapa hapa, na asubuhi moja ya Juni, baridi ikiwa imetukaba sote, nilimwona akivua sweta lake na kumpa mtoto aliyekuwa akitetemeka mstarini. Ila akishaamini jambo, kumtoa hapo ni kazi.

Nikaona basi tulitazame jambo lenyewe darasani. Sikumtaja mtu. Niliwaambia kidato cha pili kwamba tutatafuta kinachowafanya watu wakose shule, na kwamba hakuna kubahatisha. Kwanza tukaulizana umbali. Niliandika ubaoni "karibu" na "mbali", kila mtu achague. Darasa zima likachagua karibu, hata yule msichana, ambaye wenzake walijua anaamka kukiwa bado giza. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Madam, mbali ni Mwanza."

Tulicheka sana, na kicheko kile kikatufundisha kitu. Tukafuta maneno yale, tukaulizana kila mtu anaondoka nyumbani saa ngapi. Hapo ndipo tofauti zilipojitokeza ubaoni, na mimi mwenyewe nikabaki nazitazama.

Baada ya hapo kila kikundi kikaja na dhana yake. Wengine walisema ni siku za mnada, wengine magonjwa, wengine mvua. Kijana mmoja wa mjini, mwenye mdomo, akauliza kama na siku ambazo walimu hawakuingia darasani tutaziweka kwenye grafu. Nikamwambia tutaziweka. Habari hiyo ilifika ofisini kabla yangu, na wiki ile walimu waliingia vipindi kuliko wakati wowote ninaoukumbuka.

Kwa ajili ya mvua tulitengeneza kipimo. Tulikata shingo ya chupa ya maji, tukaigeuza na kuitumbukiza iwe kama faneli, tukachora mistari kwa rula na kuichimbia chupa karibu na mlingoti wa bendera. Kila asubuhi watu wawili waliisoma. Ukutani tukabandika karatasi mbili za manila, moja ya mvua na moja ya wasiokuwapo, siku zikiwa zimepangwa sawasawa juu na chini, ili mtu aangalie tu aone kama zinafuatana.

Siku walizokosa watoto wa wakulima zilifuatana vizuri na za mnada. Siku ya mnada nyumba hubaki bila mtu, basi mkubwa anabaki na wadogo. Hakuna aliyekuwa amewahi kulisema hilo ofisini. Za yule msichana hazikufuatana na chochote. Alikosa siku ambazo chupa ilikuwa kavu, na siku nyingine ambazo ilijaa hadi mstari wa juu alikuwa amekaa kwenye dawati lake. Mwalimu wa nidhamu alikuja kuzitazama manila zetu, akapitisha kidole kwenye ile ya mvua, kisha kwenye ile nyingine, akasema, "Madam, umenisaidia kazi."

Roho iliniuma. Nilikuwa nimeanzisha zoezi nikitumaini litamtetea, nalo likamkandamiza. Niliendelea kuzitazama zile manila baada ya watoto kutoka, nikiwa nimekasirika na manila, na nimekasirika na semina pia.

Yule msichana ndiye aliyerudi darasani, eti amesahau rula. Akasimama karibu nami, akaangalia ukutani.

"Madam," akasema, "chupa yenu iko hapa. Mto wangu unatoka kule." Akanyoosha mkono kwenye vilima vya mashariki.

Nilitaka kucheka na kujipiga kofi kwa wakati mmoja. Karibu sisi sote katika shule ile, walimu kwa wanafunzi, tumekulia mashambani. Hakuna hata mmoja wetu asiyejua kwamba mvua inaweza kunyesha shamba la jirani ikaruka la kwenu, na kwamba vilimani kunaweza kumwagika usiku kucha na mto ukajaa, huku uwanda mzima ukiwa umekauka. Watu wa hapa hugombana kanisani kwa sababu ya mvua ya namna hiyo. Lakini tulipopata chupa yenye mistari, tukaiamini chupa, tukasahau tunachokijua.

Tukampa chupa yake akaichimbie kwao, chini ya vilima vile. Baada ya wiki chache za kusoma, manila ya tatu ilipopanda ukutani, darasa lilipiga makofi. Chupa yake ikijaa, hayupo, na ikiwa kavu, yupo. Nilimwita mwalimu wa nidhamu nikiwa nimejaa majigambo, sitaficha.

Akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Chupa hii anaisoma nani?"

Macho yote yakamgeukia yule msichana.

"Mshitakiwa ndiye shahidi, madam?"

Nilichukia, halafu nikachukia zaidi kwa sababu swali lilikuwa zuri. Ni swali ambalo ningetamani mwanafunzi wangu aliulize. Darasa likaanza kubishana. Mmoja akasema mdogo wa yule msichana ndiye aisome, wakamzomea. Msichana mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. Kijana wa mjini akanyoosha kidole.

"Mwalimu mwenyewe si aende akaone, sir?"

Nilidhani atapata adhabu. Mwalimu wa nidhamu akamtazama, akasema, "Poa," neno ambalo sijawahi kulisikia mdomoni mwake kabla wala baada ya hapo, na darasa likalipuka kwa shangwe.

Tulingoja siku yenyewe, na muhula ulikuwa unakaribia kwisha. Asubuhi moja jua lilitoka safi, chupa yetu ilikuwa kavu, na dawati lake lilikuwa tupu. Mwalimu wa nidhamu alivaa gambuti zake, akawasha pikipiki, nami nikapanda nyuma. Tulipita mashamba ya mahindi yaliyoanza kubeba, barabara ikiwa ngumu na kavu kiasi kwamba alipunguza mwendo akageuza shingo kunitazama. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo. Kama mto ungekuwa mdogo, mambo yangekuwa yameisha, na ni mimi niliyemleta aone.

Tuliusikia kabla ya kuuona. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamefunika mawe ya kuvukia yote, yanapita na matawi na mabua. Daraja liko barabara kuu, mbali sana kwa mtu wa miguu. Na ng'ambo, kwenye ukingo, alikuwa ameketi na sare yake, viatu vimewekwa pembeni, daftari kwenye magoti. Majani pale alipoketi yalikuwa yamelala na kukauka, na ukingo wote uliobaki ulikuwa wa kijani. Mahali pale palikuwa pamekaliwa sana.

Alipotuona alisimama haraka, akashika sketi.

"Shikamooni, walimu!"

"Marahaba!" mwalimu wa nidhamu akajibu. Akatazama maji, akatazama majani yale. "Umefika hapo saa ngapi?"

"Kabla ya jua!"

"Na huwa unangoja mpaka saa ngapi?"

"Mpaka mnapotoka shule!"

Alivua kofia. Akaniambia, bila kunitazama, "Leo mwandike yupo."

Sijui kama yule msichana alimsikia, au aliona tu namna tulivyosimama. Aliweka mikono mdomoni akaita.

"Na zile siku nyingine, mwalimu?"

Yule mzee alifungua mdomo, lakini kilichotoka hata mimi niliyekuwa ubavuni kwake nilikisikia kwa shida. Ikabidi nimpelekee mimi kwa kelele, juu ya maji, kwa nguvu zangu zote.

"Zote!"