Gredi ya Karai Letu

Neno gredi nililichukia kabla sijajua maana yake. Nililisikia ufuoni Dunga, kando ya ziwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwa wakala aliyekuwa akikinunulia kiwanda mbuta. Kila siku aliinama juu ya karai la mama, akafunua shavu la samaki, kisha akatamka bila kumtazama mtu: gredi ya pili. Ati ya pili! Mbuta walitoka ziwani asubuhi ileile, kwa mtumbwi wa baba. Karo yangu ilitoka kwenye karai hilo, na bei ya gredi ya pili haikutosha karo.

Mama alimjua ng'ombe wa gredi, yule anayejaza ndoo. Greda alikuwa ameliona likisawazisha barabara kule Nyamasaria. Lakini gredi ya samaki haikumwingia akilini. Shule zilipofungwa akaniambia nilete kamusi yangu ya Kiingereza. Nikamsomea: daraja, cheo, darasa, alama ya mtihani, mwinuko wa barabara, na kwamba zamani sana, kwa Kilatini, lilikuwa neno la hatua tu, hatua ya mguu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Maneno yote hayo," akasema, "na hakuna hata moja linalonuka samaki."

Tayari alikuwa na shaka. Jirani yetu, ambaye mumewe alivua maji yaleyale na baba, hakukosa gredi ya kwanza hata siku moja. Jirani huyo hakuwa mtu wa maswali. Mama ndiye aliyekuwa amemwambia wakala, siku ya kwanza kabisa, asogee kidogo ili naye aone mshale wa mizani.

Basi mama na jirani wakakubaliana wabadilishane samaki. Jirani alicheka, akaona ni mchezo. Wakala akaja, akainama, akafunua mashavu. Samaki wetu, ndani ya karai la jirani, wakawa gredi ya kwanza. Wa jirani, mbele ya mama, wakawa gredi ya pili. Jirani akaacha kucheka.

"Kwani unapima samaki," mama akamuuliza, "ama unanipima mimi?"

Wakala akajibu kwamba gredi ni gredi, akaita anayefuata.

Kuanzia hapo mbuta wetu waliuzwa ndani ya karai la jirani, na mama akawa anasimama nyuma, mikono ndani ya leso. Karo ililipwa. Lakini kumwona mama yangu amejificha huku samaki wake wakiuzwa kuliniuma, na mpaka leo kunaniuma.

Mwisho wa mwaka nilileta ripoti yenye A ya Kiingereza, ya kwanza maishani mwangu. Nilitaka apige vigelegele. Akaishika mbali na macho, akaikagua, maana siku hizo alikuwa akikagua kila kitu.

"Karatasi ya mtihani huwa na jina lako juu?"

Nikamwambia ndiyo, mama, ni lazima.

"Siku moja andika la mtu mwingine," akasema. "Ndio tujue."