Rangi Niliyoimwaga

Siku yangu ya kwanza kazini Bwana Mifugo alinipa ufagio, kitambaa na agizo moja: hadubini nisiiguse. Ofisi yetu ya Tabora, enzi za Mwingereza, ilikuwa vyumba viwili vya bati, na cha nyuma ndicho tulichokiita maabara. Mimi nilitoka Usoke na madarasa mawili ya misheni, basi. Nyinyi mnaosomea udaktari wa mifugo leo mna vyeti vya kujaza ukuta. Sawa. Lakini bakteria mnaochorewa vitabuni mimi nilijifunza kuwasoma kwa jicho langu hili, na wa kunibishia sijamwona.

Siku ile nilifanya usafi wa kweli. Rafuni palikuwa na chupa ya rangi ya buluu, mdomo umegandamana, juu imefanya utando kama chai ya jana. Niliona aibu kwa niaba ya ofisi. Nikaimwaga, nikasugua chupa, nikachanganya nyingine kwa unga wa rangi uliokuwa kwenye kopo. Sikumwambia mtu.

Mwezi haujaisha akaja Mzee Masanja, mswagaji wa ng'ombe kutoka Ziba. Wakati huo ng'ombe wa kusafirishwa kwa treni waliletwa kwa miguu hadi Tabora, wakifuata njia ya misafara waliyoipita babu zetu wapagazi. Alikuwa amepiga kambi Chemchem, na dume lake moja lilianguka asubuhi ile. Jana yake lilikuwa likila vizuri. Desturi ya waswagaji ni kwamba anayeanguka njiani huliwa, na vijana wake sita walikuwa na siku nne za uji mtupu. Alikuja ofisini kwa sababu amri ilitaka kila kifo kitolewe taarifa. Ushauri hakuutaka.

Tulikwenda. Dume lilikuwa limevimba kama ngoma, damu nyeusi inalitoka puani na haigandi. Vijana walikuwa wananoa visu. Bwana Mifugo aliwazuia. Akakata sikio kidogo tu, akapaka damu kwenye vioo viwili, akaziba jeraha kwa pamba yenye dawa. Njiani alinieleza sababu: alishuku kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe ghafla, na mtu anayemla pia. Bakteria wa kimeta akiwa ndani ya mzoga usiopasuliwa hana hewa, na mzoga ukioza huoza naye. Ukipasua, damu ikikutana na hewa, anajitengenezea spora: anakunja urithi wake katikati ya mwili, anauviringishia maganda magumu, anausubirisha ardhini miaka na miaka. Jua haliiui, kiangazi hakiiui. Ng'ombe wa mjukuu wako atakuja kuilamba.

Ofisini alipaka kioo kimoja rangi ya buluu, akainama kwenye hadubini.

"Vijiti vipo," akasema. "Joho hakuna."

Joho ndilo mnaloita kapsuli. Bakteria ana utando laini unaochagua kinachoingia na kinachotoka, na nje yake ukuta unaomshika umbo asipasuke. Ndani hana kiini kilichozungushiwa ua kama seli zetu. Urithi wake umelala wazi, kama mtu aliyelala kwenye kibaraza. Lakini kimeta akiwa ndani ya mnyama huvaa joho juu ya ukuta, na seli nyeupe za damu, zile askari, zinashindwa kumkamata na kummeza. Kwenye rangi ya buluu vijiti huwa buluu na joho hutoka waridi. Vijiti bila joho huweza kuwa bakteria wa kuoza tu, ambao kila mzoga unao.

Bwana Mifugo alinawa mikono. Akaniambia nimwite mzee, nimwambie wachune. Kisha akaigonga chupa kwa kidole, kwa mapenzi kabisa. "Rangi hii niliikuta hapa. Kadiri inavyozeeka ndivyo inavyoonyesha joho. Mbichi haifai kitu."

Nje Mzee Masanja, aliyetufuata hadi ofisini, alikuwa amesimama na kijana mmoja, kisu kiko mkononi, wanasubiri neno langu. Nilifika hadi mlangoni. Nilikuwa na kazi isiyotimiza mwezi na mke mjamzito. Nikageuka.

"Bwana, hiyo ni mbichi. Ile ya zamani niliimwaga."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Ilikuwa chafu."

"Chafu," alisema. Halafu akasema mengi kwa Kiingereza, na sikuhitaji mkalimani.

Alinituma mbio hospitalini kwa dresa, mfunga vidonda wa huko, aliyekuwa na chupa ya zamani ya rangi hiyo. Kioo cha pili tukakipaka hiyo. Bwana Mifugo alitazama, akasogea pembeni, akanionyesha kiti. "Tazama ulichotaka kuwalisha."

Nikatazama. Vijiti vya buluu vyenye ncha butu, vimeungana kama mabehewa, na kila kimoja kimezungukwa na waridi.

Mzee Masanja nilimwambia mwenyewe. Hakunishukuru. Alisema, "Kifo kimeninyima dume, na wewe umetunyima nyama. Sasa shika jembe." Nikachimba pamoja na vijana wake hadi shimo likapita kichwa changu, tukalitumbukiza dume zima na ngozi yake, tukamwaga chokaa. Walilala njaa wote sita. Waliamka wote sita.

Bwana Mifugo hakunifukuza. Alininunia majuma mawili, kisha akaanza kunifundisha vioo, maana, alisema, mtu anayekiri ndiye anayeweza kuaminiwa kwa anachokiona. Bwana Mifugo aliyemfuata alinipeleka Urambo, na wa tatu, mwenye hasira za malaria, akanipeleka Ziba kwa chanjo. Huko nilimkuta Mzee Masanja amezeeka. Alinitambulisha barazani: "Huyu alitulaza njaa Chemchem. Msikilizeni."

Nilistaafu bila cheti. Nyinyi mtajua majina mengi zaidi ya sehemu za bakteria, na hadubini zenu zinaona yasiyoonekana enzi zetu. Jifunzeni yote. Lakini mkikosea, semeni kabla kisu hakijaingia.

Juzi mtu wa Ziba alifika kwangu kwa baiskeli, jasho tupu. Nikamwambia mimi si mtumishi tena, aende kwa daktari wa wilaya. Akasema anakwenda, amepita tu kunijulisha: ng'ombe amekufa ghafla, na hakuna aliyemgusa.