Hadithi ya Bi Wiesława Imevalishwa Suruali

Saa tatu asubuhi Bi Wiesława Pietras ana pini mdomoni na mteja juu ya stuli. Anampindia suruali, lakini macho yanakimbilia rafu ya vitabu kando ya cherehani.

"Nawaonea wivu wote hawa," ananiambia mimi mwandishi wa gazeti. "Andika hivyo hivyo, usinipambe."

Rafu imejaa hadithi fupi za waandishi wetu wa Poland wa leo. Yupo anayewapandisha wafu tramu, yupo anayemaliza ndoa nzima katika ukurasa mmoja, na yupo mama wa Silesia anayeandika kama wachimba makaa wanavyogombana. Fundi huyu wa mji wa Łódź, mwenye miaka sitini na mitatu, hutoza zloti thelathini kwa suruali, na sehemu nzuri ya hizo huishia duka la vitabu.

Kitabu kimoja amekigeuzia uso ukutani.

Ndani yake mfanyakazi anatoka kiwanda cha nguo siku kinapofungwa, amevaa aproni za wenzake wote, moja juu ya nyingine, na mlinzi hajui acheke au alie. Aliyetoka hivyo kweli ni Bi Wiesława mwenyewe. Alimsimulia mteja wake, mwalimu Gracjan Korbiel, akimpima kiuno. Korbiel akaiandika, ikasifiwa mpaka Warszawa.

"Kuiba na aibe, hadithi haina kufuli. Lakini hebu soma hapa!"

Nasoma neno la kwanza: nilitoka. Kwa Kipolandi kitenzi chenyewe hutaja kama aliyetoka ni mwanamke au mwanamume. Korbiel kaandika mwanamume.

"Maisha yangu kayavalisha suruali! Tumefuma sisi wanawake miaka yote ile, leo langoni anatoka dume!"

Alipomlalamikia, mwalimu alicheka. "Bi Wiesława, hadithi ni ya anayeiandika."

"Basi na suruali ni ya anayeipinda," akamjibu, na suruali ya Korbiel ingali inaning'inia hapo mlangoni.

Mteja wa leo anashuka stuli taratibu, anaikagua yake.

"Kinachonichoma zaidi," Bi Wiesława anasema kwa sauti ya chini, "kaiandika vizuri. Angeiharibu ningemsamehe."

Alhamisi maktaba ya mtaa inamkaribisha yeyote kusimulia mbele ya watu, na Korbiel hakosi. Bi Wiesława ameshajiandikisha.

"Nitaanza na neno moja, nilitoka, la kike. Likija la pili na hadithi ikanoga, basi na yeye auonje wivu unaoninyima usingizi."