Mayai ya Mfiwa

Alhamisi nilipanga foleni kwenye lango la sinagogi, Wayahudi wanapogawa vyakula kabla ya Sabato yao. Mbele yangu alikuwa mama Mrundi wa mtaa wa Albert Park, ambaye kila wiki huchukua mifuko miwili, mmoja wa jirani yake mgonjwa. Safari hii alionyesha kidole kimoja.

“Jirani hajambo?” aliuliza bibi mgawaji.

“Tulimzika juzi.”

Bibi akaingia ndani, akarudi na mayai ya kuchemsha. “Kwetu mfiwa hapiki. Chakula chake cha kwanza baada ya mazishi ni mayai ya majirani.”

“Mimi si ndugu yake, mama.”

“Nani mwingine alimlilia?”

Mama Mrundi akayapokea kwa mikono miwili.

Nyuma yake mtu akafoka: “Eish, huyu mbona anapewa zaidi?”

Kila wiki ninapoandika hapa nawasema wenye roho mbaya. Aliyefoka ni mimi, na nilikuwa nimesikia kila neno.